Umeambiwa upigwe mionzi kwa uvimbe wa neva ya kusikia? Uliza dozi hivi

Kama una ule uvimbe usio kansa kwenye neva ya kusikia na wanataka kukutibu kwa Gamma Knife (mashine ya kupiga mionzi kichwani, si kisu), usisaini kabla hujauliza namba. Kwanza uliza ukingo wa uvimbe utapata grei ngapi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), siku hizi kwa mara moja wengi wanatoa 12 mpaka 13, miaka ya 80 walikuwa wanapiga 16 mpaka 20 na wagonjwa wengi zaidi walipooza uso au kufa ganzi, ndo maana wakashusha. Ukiona 24 au 26 kwenye karatasi usishtuke, hiyo ni ya katikati, ukingoni mara nyingi ni nusu yake.

Halafu hili watu wanalisahau jamani, kama sikio hilo bado linasikia uliza koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, itapata ngapi, wastani chini ya 4 ndo afadhali. Wengine wanagawa dozi ya uvimbe, mfano jumla 25 kwa siku tano, usiilinganishe moja kwa moja na 12.

Na MRI ya mwaka wa kwanza baada ya mionzi ikionyesha uvimbe umetanuka kidogo usikimbilie upasuaji, mara nyingi unanywea wenyewe, endelea na vipimo tu.