Kutundika maonyesho ya nguva ndani ya nyumba ya mawe, Lamu

Mdogo wangu mmoja, mchoraji, alinipigia simu saa nne usiku. Ana picha 11 za nguva, amepewa nyumba ya zamani Lamu kwa siku 9, na hajawahi kuandaa maonyesho hata ya darasani. Mama yake ni wa Faza, kisiwani Pate, baba yake wa Machakos. Akiwa bara anaitwa Mswahili, akiwa Pwani anaitwa wa bara. Ndiyo maana kamng'ang'ania nguva, ambaye naye si wa nchi kavu wala si samaki.

Mimi huchora, na huratibu maonyesho ya wenzangu wanapokosa mtu wa kuwafanyia. Nilivuka naye kwa boti kutoka Mokowe na mabegi manne. Haya ndiyo tuliyofanya, pamoja na usiku mmoja ambao ningependa mwingine asiupitie.

Hatua ya 1: Mjue nguva wako

Nguva kwanza ni mnyama. Hufikia urefu wa mita 3, hula nyasi za baharini, hunyonyesha, na hupanda juu kuvuta pumzi. Siku hizi kumwona kwenye maji ya Kenya ni bahati kubwa, kwani hunaswa kwenye jarife, wavu wa kuvulia, akafa kwa kukosa pumzi. Halafu yuko nguva wa hadithi, mwanamke nusu, anayewaita wavuvi. Ukiwachanganya hawa wawili bila kujua unachofanya, mvuvi wa kwanza atakayeingia mlangoni atakucheka.

Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alifanya maonyesho London mwaka 2014 akayaita Nguva na Nyoka, hivyo hivyo kwa Kiswahili. Mimi naona alifanya la maana. Neno la Kizungu la mwanamke-samaki huja na nywele zake ndefu, kioo chake na jabali lake, na ukishalibandika ukutani mtazamaji haoni tena picha yako, anaona katuni aliyoitazama utotoni. Liache neno nguva lilivyo. Asiyelijua atauliza.

Kabla ya kuchagua picha, andika sentensi moja ya nguva huyo ni nani kwako. Mdogo wangu alihangaika nayo siku mbili, akaniletea karatasi zenye "utambulisho" na "mseto" tele. Nikazirudisha. Mwisho akaandika: "Nguva ni mama yangu akiwa Machakos." Hapo tukaanza kazi. Picha isiyojibu sentensi hiyo ilibaki begini. Zikabaki 7, na mbili kati ya zile nne zilizoachwa ndizo alizozipenda kuliko zote. Pole yake.

Hatua ya 2: Isome nyumba

Nyumba za mawe za Lamu hukuingiza kidogo kidogo: daka la mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha vyumba, mpaka ndani kabisa penye zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyokuwa vikiwekwa sahani za kigeni na vitabu. Daka ndipo mgeni anapokalishwa, basi pale tukaweka picha ya nguva anayechungulia tu, macho na paji la uso. Picha ya mama tukaiweka ndani.

Mahali ni sehemu ya kazi yenyewe. Mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kuna vishubaka vinne vilivyokaa vitupu tangu 1902. Mutu akaketisha ndani yake wanawake wanne wa shaba nyeusi mwaka 2019. Wanawake wa mawe kwenye majengo ya kale ya Ulaya hubebeshwa paa vichwani. Hawa wake wamekaa tu, hawakubeba kitu. Sanamu hizo hizo ukiziweka uwanjani zitabaki nzuri, lakini ile kejeli itapotea. Sisi zidaka tuliviacha vitupu kimakusudi, isipokuwa kimoja tulichokitia fungu la nyasi za baharini zilizokauka.

Jambo jingine. Kama kuna picha yenye kifua wazi, mwonyeshe mwenye nyumba mapema, umpe shikamoo yake, ukae, unywe kahawa, ndipo uitoe. Usimshtukize siku ya ufunguzi. Mzee wetu aliitazama muda mrefu akasema, "Hii ipeleke ghorofani, huku tini wanapita watoto wa chuo," yaani wa madrasa. Tukaipeleka ghorofani.

Hatua ya 3: Kutundika

Hapa ndipo usiku wangu ulipoishia.

Ukuta wa Lamu si zege. Ni mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, juu yake lipu ya chokaa. Nilipiga msumari wa kwanza, ukaingia kama kwenye mkate, nikafurahi. Nikapiga wa pili, lipu ikabanduka kipande cha ukubwa wa sinia. Ndani jiwe linamomonyoka, plagi ya plastiki haishiki, na ukiitoboa zaidi kuitafutia pa kushika unapanua shimo tu. Isitoshe, Mji wa Kale wa Lamu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na kutoboa nyumba ya namna hiyo bila ruhusa ni kujitakia makubwa. Kile kipande nilikigharimia kwa fundi chokaa, na nilistahili.

Kwa hiyo: usitoboe. Tazama juu. Dari imebebwa na boriti, nazo zinabeba sakafu nzima ya ghorofani. Picha ya kilo 4 hazitaihisi. Tundika kutoka hapo kwa mshipi wa kuvulia, wa nailoni, unene wa milimita 1. Wengine watakwambia utumie waya wa kufungia. Mimi siutaki: hewa ya chumvi huutia kutu na kutu huchuruzika kwenye ukuta mweupe.

Hesabu yake ni hii. Nataka katikati ya picha iwe sentimita 150 kutoka chini, usawa wa macho ya watu wengi. Fremu ina urefu wa sentimita 80, nusu yake 40. Vikulabu viko ubavuni mwa fremu, sentimita 10 chini ya ukingo wa juu. Basi kikulabu kitakaa 150 + 40 − 10, yaani 180. Boriti iko sentimita 310. Toa 180, unabaki na 130. Huo ndio urefu wa mshipi. Ongeza 30 za fundo kila upande. Usipime boriti moja ukadhani umezipima zote. Ni miti ile, imepinda ilivyoota, kwa hiyo pima pale pale utakapofunga.

Sakafu nayo inadanganya. Ilikuwa imeteremka upande wa kiwanda, nasi tulipima kila picha kutoka sakafuni, kwa hiyo mstari mzima ulilala kama dau linalozama. Chukua mpira mwembamba unaoonekana ndani, utie maji, mtu mmoja ashike ncha huku na mwingine kule. Maji yakitulia yatakuwa usawa mmoja pande zote mbili; hapo weka alama ya penseli kwenye tepu ya karatasi uliyoibandika kwenye mlango au fremu, si kwenye chokaa, maana tepu ikitoka huondoka na chokaa. Pima maji ndogo ya fundi inatosha kwa picha moja, lakini haiwezi kusawazisha ukuta mzima.

Fundo ndilo lililotula saa tatu. Nailoni inateleza. Unafunga, unaachia, picha inashuka taratibu mbele ya macho yako. Tulisaidiwa na mvuvi aliyekuwa akipita, akatuonyesha bila hata kuvua kofia: zungusha mara tano, pitisha ncha kwenye kitanzi cha kwanza, lowesha kwa mate, ndipo uvute. Ukivuta pakavu unauchoma mshipi kwa msuguano na utakatika wiki ijayo. Tangu hapo hakuna fundo lililoteleza.

Kumbe bado. Asubuhi picha zote zilikuwa zimeshuka, moja sentimita 2, nyingine 3, maana nailoni hurefuka ikibeba uzito, na hewa yenye unyevu huiongezea. Tundika siku moja kabla, iache ilale na uzito wake, kesho yake ndipo usawazishe. Ukitundika asubuhi ya ufunguzi, wageni watakuta ngazi.

Mwisho, gundisha vipande vya kizibo kwenye pembe mbili za chini, nyuma ya fremu. Picha haitayumba feni ikiwashwa, na hewa itapita kati yake na ukuta. Chokaa hupumua unyevu. Karatasi iliyogusana nayo huota ukungu kabla maonyesho hayajaisha.

Hatua ya 4: Maelezo

Sentensi tatu kwa picha: nani alikusimulia, ni wa wapi, na wewe umebadilisha nini. Usiandike "Waswahili huamini kuwa". Waswahili gani? Hata shujaa Fumo Liyongo husimuliwa na Waswahili na Wapokomo, kila upande na Liyongo wake, na nguva wa Faza si lazima awe nguva wa Kipini. Jina la msimulizi liandike akikuruhusu tu. Bibi mmoja alituambia tuandike "mama wa Faza" basi. Kadi zining'inizwe kwa uzi kwenye pembe ya fremu.

Hatua ya 5: Ufunguzi

Kahawa, halua, viti vya wazee. Mwache msanii aongee mwenyewe.

Hatua ya 6: Kushusha

Andika namba nyuma ya kila fremu kabla hujakata kitu. Mishipi itupe, imekwisha kurefuka. Picha zifungwe kwa plastiki mara mbili na zivuke na boti ya asubuhi, kabla upepo haujaamka.