Namna ya Kuipima Pabu ya Mtaani Uingereza: Bia Yake na Hali ya Nyumba

Ukiingia pabu ya Uingereza, kabla hujaagiza chochote, hesabu pampu. Ni vile vishikio virefu vya mbao au kaure vilivyosimama kwenye kaunta, kila kimoja na kibao chenye jina la bia na asilimia ya kilevi. Kisha tazama wateja na kilichomo kwenye glasi zao. Pabu yenye pampu nane na wateja watano Jumanne jioni, iingie kwa tahadhari. Yenye pampu tatu na wazee kumi na wawili wanaokunywa bia ileile ya kahawia iko salama zaidi, hata kama zulia lake limechakaa.

Sababu iko chini ya sakafu. Eli ya pipa, bia ya jadi ya Uingereza na fahari ya pabu hizi, hutoka kiwandani ikiwa na hamira hai na huendelea kuchachuka ndani ya pipa, kwenye stoo ya chini. Haisukumwi na gesi ya mtungi. Mhudumu huivuta kwa mkono, na kila bia inapotoka, hewa ya kawaida huingia kushika nafasi yake. Hewa hiyo ndiyo inayoiua. Pipa la kawaida, firkin, lina galoni 9 za Uingereza, yaani painti 72, karibu lita 41. Likishaanza kuvutwa, uzuri wake ni wa siku tatu hivi. Piga hesabu: pampu moja inapaswa kuuza painti 24 kwa siku, na pampu nane painti 192. Mtaa wenye wanywaji wa kiasi hicho cha eli katikati ya wiki si wa kila mahali. Ndiyo maana ubora wa bia na uchangamfu wa nyumba, yaani pabu yenyewe, havitenganishiki: wateja ndio wanaomaliza pipa kabla halijaharibika.

Laga (bia nyepesi ya baridi) na stauti (bia nyeusi) za kegi, yaani pipa la chuma lililofungwa, ni habari nyingine. Husukumwa na gesi, hewa haiingii, na hudumu muda mrefu zaidi. Zinywe ukipenda, lakini hazikuambii mengi kuhusu ustadi wa anayetunza stoo. Ukitaka kuipima pabu, agiza ya pampu ya mkono.

Kwenye kaunta

Hakuna mhudumu atakayekufuata mezani kuchukua oda ya kinywaji. Unakwenda kaunta mwenyewe, unalipa palepale, unabeba glasi yako. Foleni ya mstari kwa kawaida huioni, lakini zamu ipo na kila mtu anaijua. Simama mahali unapoonekana, mtazame mhudumu, nyamaza. Kupunga noti, kupiga miluzi au kugonga kaunta kutakuchelewesha. Mhudumu akikugeukia na unajua kuna aliyekutangulia, mwelekeze kwake. Kitendo hicho kidogo kinakupa heshima kuliko maneno mengi. Bakshishi si lazima ukinunua kinywaji tu. Mkiwa kundi, kila mmoja hununua raundi, yaani vinywaji vya kundi zima, kwa zamu, na anayepotea zamu yake ikifika hukumbukwa kwa hilo. Umri wa kununua ni miaka 18, na anayeonekana kijana abebe kitambulisho, kwa sababu nyumba nyingi humwuliza yeyote anayeonekana hajafika 25.

Usiulize "Ipi nzuri?" Utajibiwa kwamba zote ni nzuri. Uliza "Ipi inatoka sana leo?" Hapo unapata jibu la kweli, na jibu hilo ndilo pipa lililo hai. Kibao kilichogeuzwa kinyumenyume maana yake bia hiyo imeisha au haijawa tayari. Unaweza kuomba tone la kuonja, na pabu nyingi zinazojiheshimu hutoa. Moja au mbili sawa. Tano huku watu wanasubiri nyuma yako ni kero.

Agiza nusu painti, mililita 284, kama unataka kupima zaidi ya bia moja. Sheria inaruhusu pia theluthi moja, na tangu 2011 theluthi mbili, ingawa si kila nyumba ina glasi hizo. Anza na yenye kilevi kidogo: bita, eli ya kahawia yenye uchungu, ya kawaida ya asilimia 3.5 hadi 4.2, ukifuata na eli ya dhahabu, halafu pota, ambayo ni nyeusi, au zile kali zaidi. Ukianza na eli ya asilimia 6 iliyojaa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, ulimi umeshachoka. Bita itaonekana maji matupu, na kosa si lake. Kama kuna gari la kuendesha, achana na pombe kabisa: kikomo ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu katika England na Wales, na Scotland kimeshushwa hadi 50 tangu 2014.

Tazama inavyomiminwa. Glasi iwe mpya kwa kila kinywaji na isiwe ya moto kutoka kwenye mashine ya kuoshea. Kaskazini mwa England mdomo wa pampu huwa na kipua chenye matundu madogo kinachojenga povu zito kama krimu. Kusini wengi hukiondoa, na bia huja na povu jembamba. Huo ni utamaduni wa eneo, usiupe alama ya juu wala ya chini. Ila jua kwamba kipua hicho kinaweza kuifichia aibu bia iliyopooza: povu juu linapendeza huku chini hakuna uhai. Ikiwa glasi ni ya kujazwa hadi ukingoni na povu limekula nafasi kubwa, omba iongezwe. Mwongozo wa biashara yenyewe unasema kimiminika kisipungue asilimia 95, na ombi hilo halimkasirishi mtu anayejua kazi yake.

Mezani

Joto kwanza. Eli ya pipa hutunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Inapaswa kuwa ya ubaridi mwanana, si ya barafu wala ya uvuguvugu. Anayekuambia Waingereza hunywa bia ya moto amekutana na stoo mbovu.

Inua glasi kwenye mwanga. Bita nyingi zinapaswa kung'aa. Ikiwa na ukungu, usihukumu haraka. Ishike kwa viganja dakika chache: ukungu ukipungua kadiri inavyopata joto, ni protini zilizoganda kwa sababu stoo ina baridi kupita kiasi. Usipopungua, huenda ni hamira iliyotibuliwa. Pipa halikupewa muda wa kutulia, au limeinamishwa vibaya likielekea mwisho. Lakini siku hizi baadhi ya viwanda huuza eli bila kuisafisha kwa makusudi, kwa kuwa kisafishio cha asili hutengenezwa kwa kibofu cha samaki na wengine hawakitaki. Soma kibao au uliza. Neno la mwisho ni la ulimi.

Viputo vikiwa vimeng'ang'ania ukuta wa ndani wa glasi, glasi ni chafu. Mafuta au mabaki ya sabuni pia huua povu. Kwenye glasi safi, povu huacha pete moja baada ya nyingine kadiri unavyokunywa.

Sasa nusa kabla ya kuonja. Siki, ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote: pipa limekaa mno, hewa na bakteria wamefanya yao. Boksi la karatasi lililolowa, bia imeoksidika, yaani imeharibiwa na hewa. Siagi au bisi zilizopakwa siagi hutokana na kemikali iitwayo diasetili: ama uchachukaji haukukamilika, ama mirija ina bakteria. Kidogo chake katika baadhi ya bita huvumilika, kingi hapana. Tufaha bichi, bia imetolewa ikiwa changa. Harufu ya dawa ya hospitali ni hamira mwitu au mabaki ya klorini, na hiyo usiinywe. Harufu ya kiberiti humtisha mgeni, lakini kwenye eli za Burton upon Trent ni alama ya nyumbani: maji ya huko yana jasi nyingi. Hupotea baada ya dakika moja au mbili.

Bia iliyopooza, isiyochoma ulimi hata kidogo, mara nyingi ni kosa la kizibo. Juu ya pipa huchomekwa kijiti laini kinachopitisha gesi wakati bia inapumua, halafu hubadilishwa kwa kigumu kisichopitisha. Wakati wa mauzo kigumu huondolewa ili hewa iingie, na kinatakiwa kirudishwe mauzo ya siku yakiisha. Aliyelala akisahau kukirudisha ameamka na pipa lililokufa.

Usiihukumu pabu kwa glasi ya kwanza baada ya mlango kufunguliwa. Bia hiyo imelala kwenye mirija usiku kucha, na nyumba makini huivuta na kuimwaga kabla ya mteja wa kwanza. Mirija yenyewe huoshwa kila wiki. Kama pampu zote zina kasoro ileile, shuku mirija. Kama ni moja tu, shuku pipa.

Ukiirudisha, irudishe mapema, glasi ikiwa imepungua vidole viwili tu. Iweke kaunta, sema kwa sauti ya chini: "Samahani, nadhani hii imechacha, unaweza kuionja?" Kinachofuata ni kipimo kizuri kuliko bia yenyewe. Nyumba nzuri huonja au hunusa, hubadilisha bila mjadala, na hugeuza kibao cha pampu. Mbovu hukwambia hakuna mwingine aliyelalamika, au "ndivyo ilivyo." Lakini kutoipenda ladha si kasoro, usirudishe bia kwa sababu ni chungu.

Hali ya nyumba

Hapa hakuna kipimajoto. Tazama mtu aliyekuja peke yake. Kama anakaa kaunta au kwenye kona bila kujihisi anachunguzwa, nyumba imefaulu jaribio gumu. Sikiliza kama watu wa meza jirani wanazungumza bila kupaza sauti: muziki unaoshinda mazungumzo ni uamuzi wa meneja, na runinga kila ukuta pia. Vyumba vidogo vidogo, vibanda vya mbao na pembe za kujificha husaidia kuliko ukumbi mmoja mkubwa uliobomolewa kuta. Mbwa chini ya meza, ubao wa vishale unaotumika kweli, tangazo la chemsha bongo la wiki hii na si la mwezi uliopita: vyote vinaonyesha pabu inaishi. Picha za kale zilizonunuliwa kwa jumla hazionyeshi kitu.

Ukimya kidogo ukiingia si uadui. Toa salamu fupi, usikae kwenye kiti cha kaunta chenye koti au gazeti, usianze na maswali ya binafsi. Hali ya hewa au bia yenyewe yatosha kufungua mlango wa mazungumzo. Choo nenda hata kama huna haja. Asiyeosha kinachoonekana na kila mteja huenda haoshi mirija isiyoonekana.

Kwa alama, tumia mizani ya CAMRA, chama cha watetezi wa eli ya pipa kilichoanzishwa 1971: 0 hainyweki, 1 mbovu, 2 ya wastani, 3 nzuri, 4 nzuri sana, 5 kamilifu, na nusu alama zinaruhusiwa. Unapima ilivyotunzwa, si mtindo unaoupenda. Tano ziwe adimu. Alama za nyumba ziandike kando, usizichanganye, maana jioni yenye furaha huongeza nusu alama kwa bia isiyostahili. Kama ulikwenda Ijumaa, pampu zikifanya kazi bila kupumzika, rudi Jumatatu au Jumanne saa mbili usiku uagize ileile.