Namna ya Kulipia Tiba ya Mazungumzo Marekani Kama Mtaalamu Wako Hayumo Kwenye Mtandao wa Bima

Kazi yangu ni kuandaa bili na kufuatilia madai ya bima katika kliniki ya tiba ya mazungumzo hapa Marekani. Watu wengi wanaonipigia simu wameshampata mtaalamu anayewafaa, pengine hata anazungumza lugha yao, halafu wanaambiwa hapokei bima yao, yaani hayumo kwenye mtandao wake (orodha ya wataalamu wenye mkataba na bima hiyo). Wengi huishia hapo, na hilo linanisikitisha, kwa sababu mara nyingi sehemu ya fedha ingeweza kurudi.

Hatua ya 1: Ijue bima yako. Soma kadi yako ya bima uone ni ya aina gani: PPO, HMO au EPO. Bima za PPO kwa kawaida huchangia huduma za nje ya mtandao. HMO na EPO kwa kawaida hazichangii, isipokuwa kwa dharura. Kama una Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee), muulize mtaalamu kama amejitoa rasmi katika mpango huo. Akiwa amejitoa, si wewe wala yeye anayeweza kudai chochote Medicare.

Hatua ya 2: Piga simu kabla ya kikao cha kwanza. Hapa ndipo fedha hupatikana au hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Tumia namba iliyo nyuma ya kadi, na uliza haya:

- Didaktibo yangu ya nje ya mtandao ni kiasi gani, yaani fedha ninazojilipia kila mwaka kabla hamjaanza kuchangia? Nimeshafikisha kiasi gani?
- Baada ya hapo mnalipa asilimia ngapi?
- Asilimia hiyo ni ya bei gani? Mnakubali kiwango gani kwa msimbo 90834, na kwa 90837 (namba za kikao kifupi na kirefu; tazama Hatua ya 4)?
- Je, ninahitaji kibali kabla ya kuanza?
- Mwisho wa kutuma dai ni lini?

Swali la tatu ndilo watu hulisahau. Tuseme mtaalamu anatoza dola 180, na bima inasema inalipa asilimia 60. Usitegemee dola 108. Kama kiwango inachokikubali ni dola 120, utarudishiwa 72, nawe utabeba 108. Didaktibo nayo huhesabiwa kwa kiwango hichohicho: ikiwa ni dola 1,000, kila kikao kinapunguza 120, si 180. Vikao vinane vya mwanzo hutarudishiwa kitu, na cha tisa utarudishiwa 48 tu. Ukiyajua haya mapema, utapanga bajeti bila kushtuka.

Andika tarehe, jina la aliyekuhudumia na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Utavihitaji wakikugeuka.

Hatua ya 3: Zungumza bei na mtaalamu. Muulize waziwazi kama ana bei inayopangwa kulingana na kipato. Hakuna aibu yoyote hapo. Wataalamu wengi hutenga nafasi chache za namna hiyo. Kama huna bima, au umeamua kutoitumia kabisa, sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2022 inakupa haki ya makadirio ya gharama kwa maandishi. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, unaweza kufungua malalamiko rasmi ndani ya siku 120 tangu tarehe ya bili.

Hatua ya 4: Omba supabili kila mwezi. Hii ni risiti yenye maelezo ambayo bima inayahitaji: jina na leseni ya mtaalamu, namba yake ya NPI (utambulisho wa kitaifa wa watoa huduma za afya) yenye tarakimu 10, namba yake ya kodi, tarehe za vikao, msimbo wa huduma, msimbo wa ugonjwa, na kiasi ulicholipa. Kagua muda: 90834 ni kikao cha dakika 38 hadi 52, na 90837 huanzia dakika 53.

Jambo moja nakusihi ulifikirie: ukituma supabili, bima itajua ugonjwa ulioandikiwa. Kama hutaki, lipa chote mfukoni na umwombe mtaalamu kwa maandishi asiipe bima taarifa za vikao hivyo. Sheria ya faragha inakulinda.

Hatua ya 5: Tuma dai. Bima nyingi hupokea kupitia tovuti yao. Ukitumia CMS-1500, fomu ya kawaida ya madai ya matibabu, usisaini kisanduku cha 13, kwa kuwa saini hiyo inaruhusu malipo yaende kwa mtaalamu, ilhali wewe ndiye uliyekwisha kulipa. Weka nakala ya kila kitu.

Hatua ya 6: Tumia akaunti ya HSA au FSA (akaunti za fedha za matibabu zisizotozwa kodi) kama unayo. Tiba ya tatizo la afya ya akili inakubalika. Ushauri wa ndoa peke yake kwa kawaida haukubaliki. Usitoe fedha za HSA kwa sehemu ambayo bima imekurudishia.

Hatua ya 7: Wakikataa, soma sababu. Mara nyingi ni msimbo uliokosewa au namba iliyosahaulika. Mtaalamu hurekebisha na dai linatumwa upya. Kama ni kukataa kwenyewe, katika bima nyingi za binafsi una siku 180 za kukata rufaa. Na kama ndani ya mtandao wao hakuna mtaalamu wa tatizo lako aliye karibu na mwenye nafasi, waombe wamlipe wako kwa masharti ya mtandao. Ambatisha orodha ya uliowapigia, tarehe, na jibu la kila mmoja.