Shokapu za mbele za pikipiki kuukuu ya porini: anza na springi

Kama Yamaha DT125 au Honda XL yako ya zamani inagonga mwisho wa shokapu kila mara kwenye changarawe za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, springi ngumu zaidi na oili mpya zitakufaa kuliko shokapu nzima za pikipiki nyingine. Hizo mara nyingi hudai ekseli na breki mpya.

Legeza bolti za kibano cha juu kinachoshika shokapu, kisha nati inayofunika mdomo wa bomba lake, shokapu ingali imeshikwa na kibano cha chini. Malizia polepole, maana springi inaisukuma nati.

Mwaga oili chafu yote, weka oili ya shokapu ya uzito wa 10W, pampu mpaka hewa iishe. Springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa hadi mwisho, pima kutoka mdomo wa bomba hadi usawa wa oili. Anza na kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, pande zote mbili zilingane. Bado inagonga? Pandisha oili milimita 5 tu kwa mara moja. Ikizidi, hewa hubanwa mno na sili huvuja.

Kipande cha bomba la plastiki juu ya springi huinua pikipiki, hakiifanyi springi iwe ngumu. Ukikitumia, kikate sawasawa na utie washa ya chuma, la sivyo springi itakitafuna. Ukikaa, shokapu ishuke robo hadi theluthi ya mwendo wake.

Na kabla hujanunua sili Kisekka, soko la vipuri la Kampala, pitisha ukucha kwenye bomba lote la shokapu: vishimo vya kutu vitazikata hata zikiwa mpya.