Lipasue neno la sayansi kabla ya kulikariri

Ukikutana na neno refu la sayansi, usikimbilie kulikariri. Lipasue kwanza. Kanieneo, kwa mfano, ni kani na eneo: nguvu inayokandamiza, ikigawanywa kwa ukubwa wa eneo inapokandamiza. Kanuni nzima imo ndani ya jina! Ndiyo maana kisu chenye makali hukata vizuri. Kani ni ileile, ila eneo ni dogo. Usanisinuru ni usanisi na nuru, mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Halijoto ni hali ya joto, ile inayosomwa kwenye kipimajoto, wala si joto lenyewe. Maji ya ndoo na ya kikombe yanaweza yote kuwa na nyuzi 60, lakini ya ndoo yamebeba joto jingi zaidi.

Maneno mafupi ndiyo yenye mtego. Ule weupe unaoelea juu ya birika si mvuke, ingawa sote tunauita hivyo. Mvuke wa maji hauonekani. Unachokiona ni vitone vidogo mno, ndugu wa ukungu na wingu. Tazama mdomo wa birika linapochemka (kwa mbali, usiungue): kuna kijipengo kitupu kabla ya weupe kuanza. Mvuke umo hapo.

Umande nao hauanguki kama mvua, hata kama tunasema umeanguka. Mvuke wa hewani hugeuka maji palepale, juu ya jani lililopoa usiku.