Kabla ya kufundisha mageuko, tayarisha klorokwini

Mwalimu wa biolojia unayejiandaa kwa mada ya mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, mweke twiga pembeni kwanza. Hadithi ya shingo iliyorefuka kwa kunyooshwa hung'ang'ania kichwani hata baada ya mwanafunzi kuambiwa si kweli. Chukua klorokwini, dawa ya malaria ambayo wazazi wao wameimeza, na wengine bado wanaukumbuka muwasho wake.

Waulize kwanza kwa nini iliachwa. Wengi watajibu kwamba miili ya watu iliizoea. Hapo pangia muda wa kutosha, maana kosa kubwa liko hapo. Mwili wa mgonjwa haukubadilika, na hakuna kimelea cha malaria kilichojifunza kuvumilia dawa. Kati ya vimelea visivyohesabika, vichache vilikuwa na badiliko la kurithi katika jeni iitwayo pfcrt, likaviwezesha kuitoa dawa nje ya kifuko kinachomeng'enya chakula chao. Badiliko hilo lilizuka kwa nasibu, dawa haikuliagiza. Ilichofanya dawa ni kuviua vingine, na vilivyosalia vikazaana. Tanzania Bara iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2001.

Usiingie darasani bila mfano wa Malawi, ambao kwangu ndio bora kuliko yote. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na baada ya miaka kadhaa vimelea sugu vilikuwa vimetoweka karibu kabisa. Usugu una gharama yake kwa kimelea, na dawa ilipoondoka, faida yake ikaondoka pia. Anayedhani mageuko ni kupanda ngazi kuelekea ubora atakwama hapo. Mwache akwame kidogo, afikiri.

Ukigusa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, pima maneno yako mapema, kwani huenda darasani yumo mtoto anayeugua. Mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili, moja kwa kila mzazi, huugua. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu katika maeneo yenye malaria nyingi. Si laana, wala si kosa la mtu.

Swali la kama binadamu ametokana na sokwe litakuja tu. Sokwe wa leo si babu yetu. Sisi na yeye tuna mababu wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Chora ubaoni mti wenye matawi kabla hawajauliza, na usitumie kabisa ule mchoro wa nyani anayesimama hatua kwa hatua hadi kuwa mtu.