Somo: Namna ya kuandika daftari la mwisho wa mwezi la vitabu, filamu na tamthilia

Nina umri wa miaka 16, ninaishi Mji wa Kale, Mombasa, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikiufunga kila mwezi kwa kuandika ukurasa mmoja kuhusu vitabu nilivyosoma, filamu nilizotazama na tamthilia nilizofuata. Wenzangu kadhaa wameniomba niwaeleze nifanyavyo, na kwa kuwa niliboronga mara nyingi kabla sijapata njia inayonifaa, nitaeleza pia nilipokosea.

Hatua ya kwanza ni kununua daftari. La kurasa 96 latosha mwaka mzima. Usiandike kwenye simu, maana simu ndiyo hiyo hiyo unayotazamia, na mkono ukishaishika hautaandika tena.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo roho ya somo hili, ni kuandika mistari miwili au mitatu usiku ule ule unapofunga kitabu au filamu inapokwisha. Usiandike muhtasari. Andika jambo moja tu lililokugusa, hata likiwa dogo kiasi gani: neno alilolitumia mtu, sauti ya mlango, chakula kilichopoa mezani bila kuliwa. Mwezi wangu wa kwanza sikufanya hivyo. Nilisubiri hadi tarehe 31, nikakaa barazani baada ya sala ya Isha, na nilichokumbuka ni nani alimwoa nani na nani alikufa. Nikajaza kurasa tatu za visa. Binamu yangu alizisoma, akanirudishia daftari akisema, “Ushanimalizia utamu wote, kitabu chenyewe nikisomee nini tena?” Hakuwa na kosa.

Chukueni mfano wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 1996. Ningeweza kuandika kwamba ni kisa cha kijana aliyeanzia maisha Tanga, kisha akafunga safari ya kuja Kenya kumtafuta babake, na maelezo hayo yangekuwa sahihi lakini hayana ladha, kwa sababu yeyote aliyeisoma anaweza kuyaandika. Nilichoandika usiku ule ni hiki: “Msimulizi anaitwa Kongowea. Mimi Kongowea nakujua kwa vitunguu na tope, maana kila Jumamosi natumwa sokoni na kikapu. Juma hili nitapita pale kama anayepita mbele ya nyumba ya mtu anayemjua.” Mwezi ulipokwisha, mistari hiyo ilinirudisha kitabuni kuliko kurasa zangu tatu za visa.

Hatua ya tatu hufanywa siku moja kabla ya mwezi kwisha. Soma mistari yako yote bila kalamu mkononi, kisha uchague kitabu kimoja, filamu moja na tamthilia moja. Mwezi wa mitihani huenda usiwe na kitabu. Acha nafasi hiyo tupu, usiijaze kwa kitabu cha zamani.

Hatua ya nne ni kuandika aya moja kwa kila ulichochagua. Zamani nilikuwa nikitoa nyota, nikaziacha nilipoona kila kitu kinapata nyota nne. Siku hizi naandika ningemwazima nani au ningetazama na nani: cha kumwazima shangazi, cha kusoma peke yangu, ya kutazama na wadogo zangu mchana. Ukijua mtu unayemkusudia, sababu za kukipenda huja zenyewe.

Pale kitabu kilipogeuzwa filamu, kama Vuta N’kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, nawasihi msikimbilie kuuliza ipi bora. Chagueni tukio moja lililomo kotekote, mtazame kila upande umelifanyia nini. Riwaya inaweza kukwambia waziwazi anachowaza mtu. Filamu haina budi kutumia uso, mwanga na kimya, na mara nyingine kimya hicho ndicho kinachostahili aya nzima.

Hatua ya mwisho ni kutaja ulivyoviacha njiani, pamoja na mahali ulipoachia. “Nimekomea ukurasa wa 41” ni maelezo tosha.

Maswali ya wasomaji

Binti wa Kisauni: Dada, nyumbani kwetu hakuna vitabu ila vya shule. Riwaya ya somo la fasihi yahesabika?

Jibu: Yahesabika, madamu unaandika ulichokipenda wewe, si majibu ya mtihani. Vilevile hapa mjini tuna tawi la maktaba ya taifa.

Mama wa wanne, Likoni: Mwanangu, nimefurahi kukusoma. Kijana wangu ana miaka 14, nami sijui anachotazama usiku. Daftari hili litanisaidia?

Jibu: Shikamoo mama. Bodi ya Uainishaji wa Filamu hapa Kenya hutumia alama za GE, PG, 16 na 18, nami huandika alama hiyo kando ya jina la kila filamu. Mamangu husoma ukurasa wa mwisho wa mwezi, lakini mistari ya kila usiku haisomi. Hayo ndiyo makubaliano yetu, na nadhani asingeyakubali ningekuwa nikificha mengi.

Kijana wa Changamwe: Tamthilia yangu haimaliziki ndani ya mwezi mmoja. Nifanyeje?

Jibu: Andika unachodhani kitatokea, utie tarehe. Mimi niliandika mwezi Machi kwamba mama mkwe ndiye mwizi wa hati ya shamba, na Mei nikalazimika kumwomba radhi kwa maandishi.

Binti wa Kisauni: Na ukisha kuandika, nani husoma?

Jibu: Namsomea bibi yangu barazani, kwa sababu yeye alifundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na mwandiko wangu humchosha. Nilipofika pale pa Kongowea alinikatiza, akataka nirudie. Nikarudia. Akaniuliza siku hiyo vitunguu vilikuwa bei gani.